Siku Baba Alipozika Karamu Yake

Baba yangu alikuwa Bwana Afya. Hiyo haikuwa sifa, ilikuwa kazi. Alikagua mabucha, hoteli, vibanda vya chakula, mitaro na vyoo, kuanzia mtaa wetu wa Jericho hadi mtaa wa Shauri Moyo, na aliifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa mpaka mimi mwenyewe nikaajiriwa. Katika muda huo wote sikumbuki mtu yeyote mtaani aliyemkaribisha chakula kwa moyo mweupe.

Alipotokea kwenye kona na baiskeli yake, koti jeupe limekunjwa nyuma kwenye keria, watoto walipiga kelele, "Bwana Afya anakam," na kabla hajashuka sufuria zilikuwa zimeshaingia chini ya vitanda. Wanawake waliokuwa wakikaanga samaki aliwakuta wameketi wakisukana nywele, na moshi bado unapaa nyuma yao.

"Mnapika nini?"

"Hatupiki, mzee. Tunasukana."

Baba aliinua blanketi, akatoa sufuria, akamwaga. Hakuwa na hasira wala hakufurahia. Alimwaga kama mtu anayemwagilia maua, kisha akaandika kwenye kitabu chake na kuaga kwa adabu. Kwaheri hiyo, nadhani, ndiyo iliyowaudhi zaidi.

Mama aliuza sukuma wiki na nyanya katika soko la Jericho, katikati ya wanawake haohao. Hakupata upendeleo. Siku moja baba alipita sokoni, akasimama mbele ya meza yake na kutupa nyanya zilizokuwa zimeanza kuoza, mbele ya watu wote. Jioni mama alimuuliza kwa nini hakumwambia asubuhi, nyumbani.

"Asubuhi nilikuwa sijaingia kazini," baba alisema.

Nasi watoto tulikuwa na sehemu yetu. Nikienda kununua mandazi kwa jirani naambiwa yameisha, na yananitazama. Mwanamke mmoja aliwahi kuniambia, "Mtoto wa Bwana Afya, nenda nyumbani mkale sheria." Nilikuwa na miaka tisa. Nilifika nyumbani nikamuuliza mama kama sheria huliwa na ugali.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Mama wa Githeri. Ndivyo tulivyomwita wote, mama mnene kutoka mkoa wa kati, aliyeuza githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, katika kibanda cha mabati ng'ambo ya barabara, mkabala na ukumbi wa mtaa. Wateja wake walikuwa watu wa viwandani. Baba alimfungia mara tatu. Mara ya kwanza hakuwa na mtaro. Mara ya pili pipa lake la maji halikuwa na kifuniko. Mara ya tatu alikuwa amechimba mtaro, ila ulimwaga maji mlangoni kwa jirani. Kila mara alirekebisha, akafungua tena, na kila mara alimwamkia baba kwa sauti ya mtu anayesalimia mvua.

Sasa, mwanzoni mwa miaka ya themanini, baba alipokaribia kustaafu, mtaa wetu ulipata kamati ya ustawi. Mwenyekiti alikuwa fundi wa nguo, mzee wa kanisa, mtu mpole aliyependa sana mikutano. Kamati iliamua kwamba kila mwaka itamheshimu mtu mmoja aliyeutumikia umma kwa muda mrefu. Orodha ya kwanza ilikuwa na watu watatu: mwalimu, muuguzi wa kliniki, na Bwana Afya. Mwalimu alikataa, akasema aheshimiwe kwanza kwa kurekebishiwa paa la darasa. Muuguzi alikuwa amekwenda kwao kumuuguza mama yake. Baba akachaguliwa kwa kauli moja, maana hakuwa amebaki mwingine.

Mwenyekiti alikuja nyumbani kutuarifu. Aliketi ukingoni mwa kochi, kofia magotini.

"Mzee, mtaa umeona tukuheshimu."

"Nimefanya nini?" baba aliuliza. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kosa lake.

"Si hiyo kazi yako ya miaka yote."

"Hiyo nililipwa mshahara."

Mama alitoa sauti kutoka jikoni. "Kubali tu, baba watoto. Watu hawajawahi kutualika mahali."

Sidhani baba alikuwa amewahi kulifikiria jambo hilo kwa upande huo. Akasema sawa.

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja eneo la viwanda, kwa hiyo kamati ikanipa kazi ya kuchapa cheti na risala, na pia kuisoma risala siku yenyewe. Tuliketi jioni nzima, mimi na mwenyekiti, tukitafuta maneno. Tatizo lilijitokeza mapema. Kila jambo ambalo baba alikuwa amefanya lilikuwa kufunga, kumwaga, kuchoma au kushtaki.

"Andika, amefunga vibanda vingi," mwenyekiti alisema. Kisha akafikiri. "Hapana, ondoa. Wenye vibanda watakuwepo."

"Niandike amemwaga vyakula vibovu?"

"Waliopika watakuwepo."

"Kuna ule mwaka ugonjwa wa kuhara uliingia mitaa ya jirani na kwetu haukuingia."

Mwenyekiti alikuna kidevu. "Sasa hilo utalionyeshaje? Kitu ambacho hakikutokea."

Hatimaye tuliandika kwamba baba "amejitolea kuhakikisha kila tunachokula ni salama". Mwenyekiti alilipenda sana neno hilo, kujitolea, ingawa baba mwenyewe alikuwa ameshalikana.

Mgeni wa heshima alikuwa mheshimiwa mmoja mwenye shamba nje ya jiji, ambaye alikuwa anatazamia kura zetu. Alikubali kuja, na zaidi ya hapo akaahidi kutoa ng'ombe mzima kwa ajili ya karamu. Habari hiyo ilizunguka mtaa mzima. Watu waliokuwa wameapa kwamba hawatamshangilia Bwana Afya hata akifufuka walianza kuuliza sherehe inaanza saa ngapi.

Ilikuwa Jumamosi. Baba alivaa suti yake ya kijivu, ile ya harusini na mazikoni. Mama alimkaza tai, akamshika mabega.

"Leo wewe ni mgeni. Usiende jikoni."

"Siendi."

"Niahidi."

"Nimeahidi."

Aliitimiza ahadi hiyo kwa nusu saa hivi. Tulifika ukumbini saa nne asubuhi, viti vikipangwa. Mbele kabisa, karibu na jukwaa, kulikuwa na zawadi yake, kiti kikubwa cha kuegemea kilichotengenezwa na mafundi wa Shauri Moyo, kitambaa chekundu, bado kimefungwa karatasi ya plastiki. Baba alikitazama, akagonga mguu mmoja wa kiti kwa ncha ya kiatu kuona kama umesimama sawa. Halafu akasema anaenda chooni. Vyoo vilikuwa nyuma ya ukumbi, na njia ya kwenda huko ilipita uani, palipokuwa na jiko. Hilo halikuwa kosa lake. Halikuwa bahati mbaya pia.

Nilimfuata kwa sababu nilimjua. Nilimkuta amesimama mbele ya magunia yaliyotandikwa chini, na juu yake nyama imerundikwa. Mpishi, mwanamume aliyezoea kupikia harusi, alikuwa amekwisha kuwasha moto. Mwenyekiti alikuwa hapo akisimamia.

"Ng'ombe huyu alichinjiwa wapi?" baba aliuliza.

"Hapahapa, mzee. Alfajiri," mpishi akajibu.

"Nani alichinja?"

Mpishi alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama sufuria.

"Alifika akiwa mzima?"

"Alifika," mwenyekiti akasema.

"Sikuuliza kama alifika."

Baba alivua koti la suti, akanipa nilishike. Akaomba kisu, akakiosha kwa maji ya moto, akainama. Alikata hapa, akabonyeza pale, akanusa. Nyama ilikuwa nyeusi kuliko nyama ya bucha, na alipokata karibu na mfupa, damu nzito ikajitokeza taratibu. Aliinua kipande cha shingo, akakitazama kwa muda mrefu palipopita kisu cha kuchinjia.

"Huyu alichinjwa ameshakufa."

Moto ulikuwa unatatarika peke yake.

"Tulimkuta amelala kwenye lori," mpishi akasema mwishowe. "Dereva alisema amechoka na safari. Tukaona tumuwahi."

"Mkamuwahi?"

"Tulijaribu kumuwahi, mzee."

Baba alisimama, akanyoosha mgongo. Kisha akaanza kuhesabu kwa kidole, na nikaona midomo yake ikitembea. "Miguu ni mitatu," akasema. "Ule wa nne, wa nyuma, uko wapi?"

"Labda ulibaki kwenye lori," mwenyekiti akasema.

"Ng'ombe alishuka bila mguu?"

Mwenyekiti alimshika mkono, akamvuta pembeni, mahali ambapo bado niliweza kusikia. Alizungumza naye kwa upole, kama wazee wa kanisa wanavyozungumza na mtu aliyefiwa. Kazi si umeshaiacha, mzee. Leo ni siku yako, si siku ya kukagua. Nyama ikichemka sana ugonjwa wote hufa. Na ng'ombe ni wa mheshimiwa, tutamwambia nini.

"Barua yangu inasema kazi ni mpaka mwisho wa mwezi," baba alisema. "Mwezi unaisha kesho. Na mheshimiwa mwambieni ng'ombe wake alikufa. Si aibu. Ng'ombe hufa."

"Watu watakula nini?"

"Hilo sijui. Najua ambacho hawatakula. Sijui kilichomwua huyu mnyama, na ndiyo sababu hataliwa."

Akaenda chooni, kweli safari hii, akarudi na debe la ile dawa nyeusi ya kusafishia. Akaimwaga yote juu ya nyama, polepole, pembe hadi pembe, kwa utaratibu uleule niliouona tangu utotoni. Harufu ilipanda hadi ukumbini. Akaagiza shimo lichimbwe kwenye uwanja ule mtupu nyuma ya ukuta, lipite kimo cha mtu. Vijana wa kamati walichimba huku wakinuna. Nyama ikaingia, udongo ukarudi. Kisha akaomba kiti.

Viti vyote vilikuwa vimeshapangwa ndani. Kilichokuwa hakijapangiwa mtu bado kilikuwa kile chekundu. Wakakileta na plastiki yake. Baba akavaa koti, akakiweka kiti kando ya shimo, akaketi na kukunja mikono. Hivyo ndivyo alivyoipokea zawadi yake, saa kadhaa kabla ya kukabidhiwa.

Sitaficha kwamba nilimchukia saa ile. Nilikuwa nimewaalika wenzangu wawili wa ofisini. Walikuwa tayari wameketi ndani na mavazi yao mazuri, na ukumbi ulinuka kama hospitali.

"Baba, watu wanakungoja ndani," nilimwambia.

"Na wengine wanangoja niingie ndani," alisema, akaonyesha kwa kidevu. Kando ya ukuta walikuwa wamesimama wanaume watatu wanne wenye karai na koleo, wakitazama mawinguni. "Nikiondoka sasa hivi itafukuliwa. Wataiosha, waiuze. Acha dawa ishike kwanza."

"Kwani leo huwezi kuacha tu? Siku moja?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nikiacha leo, hao wanaonishukuru wananishukuru kwa nini?"

Nilirudi kumweleza mama. Nilidhani atalia. Aliketi, mkoba mapajani, akatazama ule ukumbi ambao nusu yake ilikuwa tupu, maana habari za nyama zilikuwa zimeshatoka na watu walikuwa wanaondoka kwa mlango wa pembeni. Halafu akasimama, akaniambia nimfuate, tukavuka barabara hadi kwa Mama wa Githeri.

Kamati haikuwa imempa kazi ya kupika. Waliona si vizuri kumpa kazi hiyo mtu aliyefungiwa mara tatu na anayeheshimiwa. Kwa hiyo alikuwa kibandani kwake kama Jumamosi zote, na pipa kubwa la githeri motoni likisubiri watu wa viwandani, ambao siku hiyo walifanya kazi nusu siku. Alituona tukija, akafuta mikono.

"Nasikia harufu," alisema. "Mume wako amemwaga tena?"

"Amemwaga," mama alisema.

"Cha nani safari hii?"

"Chake mwenyewe."

Mama wa Githeri alijishika kiuno, akaketi kwenye gunia la mahindi, akacheka mpaka akatoa leso kufuta macho. Mama alimngoja. Kisha nikaona midomo ya mama nayo inacheza, na mara wakawa wanacheka wote wawili, wanawake ambao kwa miaka walipimiana maneno sokoni kama wanapimiana chumvi. Mimi peke yangu nilisimama pale na uso wangu wa ofisini.

Alipotulia, mama alimwomba githeri. Yote.

"Na watu wangu wa saa saba wale nini?"

"Waje ukumbini. Viti viko."

Mama wa Githeri alifikiri. "Sawa. Lakini hakuna kijiko kitakachotoka hapa kabla mume wako hajaja kukagua. Sitaki maneno baadaye."

Nikatumwa kwa baba. Alimwacha mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili akilinda shimo, akaja. Alifunua pipa. Aliutazama mwiko, akatazama kucha za Mama wa Githeri, mbele na nyuma, akauliza maji aliyatoa wapi na aliyachemsha kwa muda gani. Alikagua mtaro, akaufuata mpaka mwisho wake. Mimi na mama tulisimama kama tuko kanisani. Mgeni wa heshima alitarajiwa wakati wowote, na aliyetakiwa kuheshimiwa alikuwa ameinama barabarani akichungulia mfereji.

"Ni safi," akasema.

"Sijasikia," Mama wa Githeri akasema.

"Ni safi, mama."

"Basi niandikie."

Baba alitoa kile kitabu mfukoni mwa suti. Sikujua kwamba alikuwa amekibeba. Akaandika kwamba amekagua kibanda na chakula, na hakuona kasoro, akatia sahihi, akachana karatasi na kumkabidhi kwa mikono miwili. Mama wa Githeri aliikunja akaitia kifuani. Baadaye aliitundika ukutani kwenye fremu iliyokuwa na picha ya shemeji yake, na kila Bwana Afya mpya aliyekuja alionyeshwa kwanza fremu hiyo. Sina hakika iliwazuia wowote, lakini iliwachelewesha.

Watu wa viwandani walitoka saa saba, wakafuata pipa lao ukumbini. Waliingia na ovaroli zao, na vumbi la saruji na mafuta ya mashine, wakajaza kila kiti kilichoachwa na waliofuata nyama. Mheshimiwa alifika saa tisa, akakuta ukumbi umejaa mpaka madirishani. Niliona uso wake ukikunjuka. Alikuwa hajui kwamba wengi wao hawakumjua anayeheshimiwa wala yeye anayeheshimu.

Mwenyekiti alimnong'oneza jambo njiani, na aliposimama kuhutubia, mheshimiwa akasema amefurahi sana kusikia kwamba ng'ombe wake amepelekwa kwa wasiojiweza, na kwamba moyo huo wa kujinyima ndio anaoutaka nchini. Tukapiga makofi. Baba, ambaye kiti chake chekundu kilikuwa kimerudishwa jukwaani na udongo miguuni, hakupiga. Mama, aliyeketi kando yake, alikuwa amemshika kiganja cha mkono, nadhani kwa nguvu.

Nikasoma risala. Sauti yangu ilikuwa sawa mpaka nilipofika mahali pa kuhakikisha kila tunachokula ni salama. Mtu mmoja nyuma alikohoa, mwingine akacheka, na mara ukumbi wote ukawa unacheka na vijiko mkononi. Mheshimiwa alicheka pia, kwa kuwa wengine walicheka. Cheti kikatolewa, picha ikapigwa. Kisha baba akaombwa aseme maneno mawili.

Alisema zaidi ya mawili, lakini si mengi.

"Nashukuru kwa cheti na kiti. Mheshimiwa ametoa ng'ombe, naye tunamshukuru, alifanya jambo jema. Ila ng'ombe alikufa njiani. Nimemzika hapo nyuma. Kama kuna aliyechoma maini asubuhi akala, aje anione kabla hajaenda nyumbani. Sitauliza jina."

Akaketi. Mwenyekiti alikuwa anasoma ratiba upande ambao haukuandikwa kitu. Mheshimiwa alimtazama baba, akatazama ukumbi uliojaa wapiga kura, na akawa wa kwanza kupiga makofi. Alipiga kwa muda mrefu, mpaka wote tukajiunga. Huo ndio ujuzi wake, na siku ile niliuheshimu. Dakika kumi baadaye gari lake lilikuwa limeondoka.

Hakuna aliyekuja kusema amekula maini. Lakini mpishi wa harusi aliweka sahani yake chini, akatoka.

Jumapili mchana, tukiwa tunakula, mke wa mwenyekiti alibisha mlango. Hakutaka kuketi. Alisema watu wa nyumbani kwake wanahara na kutapika tangu asubuhi, mzee mwenyewe hawezi kusimama, na anaomba Bwana Afya aje, lakini aje peke yake, na asije na lile koti jeupe kwa sababu majirani wataliona.

Baba alinawa mikono, akachukua chumvi na sukari kabatini kwetu, akaenda bila koti. Aliwapeleka watoto wawili wadogo kliniki kwa baiskeli, mmoja mbele mmoja nyuma. Waliobaki aliwakorogea maji, akaonyesha jinsi ya kuwanywesha kidogo kidogo, akarudi jioni kuangalia tena. Aliendelea hivyo mpaka Jumanne, siku ambazo hakuna aliyekuwa akimlipa. Wote walipona. Mwenyekiti alipungua sana, na suti zake ilibidi azikate mwenyewe.

Usiku ule wa kwanza baba aliporudi, mama alimuuliza kuna nini kwa mwenyekiti.

"Nimeupata mguu," alisema, akavua viatu.

Hakusema zaidi, si siku hiyo wala nyingine. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekuja kwetu wiki ile, amekonda, kofia magotini kama mara ya kwanza, akaomba jambo hilo lisifike kwenye kamati.

"Mimi hukagua nyama," baba alimwambia. "Watu sijawahi kuwakagua."

Nalisema leo kwa sababu wote wawili wameshakufa, na jina la mtu sijataja.

Mtaani maoni yaligawanyika. Kuna waliosema Bwana Afya ameonyesha msimamo. Waliokuwa wengi zaidi walisema mtu aliyezoea kunyima wengine hatimaye hujinyima mwenyewe, na kwamba kuchemsha kungetosha. Wenzangu wa ofisini waliniambia hawajawahi kuhudhuria sherehe kama ile, na kwa muda mrefu sikujua kama ni sifa. Mmoja wao alikuja kuniposa mwaka uliofuata. Alimwambia baba kwamba jambo la kwanza lililomvutia kwetu lilikuwa harufu ya dawa, na baba hakuona kichekesho chochote hapo.

Mwaka huohuo kamati iliamua kumheshimu yule muuguzi, ambaye alikuwa amerudi. Mbuzi watatu walinunuliwa. Asubuhi na mapema mwenyekiti alikuja mwenyewe kwetu, kabla hata chai haijachemka, akasimama mlangoni.

"Mzee, nimekuja kukuomba. Mbuzi wako hai. Njoo uwaone kabla ya kisu."

"Nimestaafu," baba alisema.

"Najua umestaafu. Njoo."

Nilikuwa nimeshaolewa, na nilikuwa nimekuja kuwatembelea tangu jana yake, nikaenda naye. Aliwashika mbuzi mmoja mmoja, akawafungua midomo, akawatazama macho, akawatembeza uani. Watu walikuwa wamezunguka, pamoja na wale wanawake wa kusukana, wakisubiri atakachosema. Alisema wachinjwe. Akangoja mpaka mwisho, akakagua maini, akaosha mikono, na wakamwambia kiti chake kipo mstari wa mbele. Alishukuru, akapanda baiskeli.

Mama alishangaa kumwona amerudi kabla ya saa sita.

"Mbona hukukaa kwenye hotuba?"

"Mbuzi nimewakagua," alisema, akivuta kiti mezani. "Hotuba hawakuniomba."